Hekima ya Mikono: Somo Litokalo Golbanti

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu hufika Garsen, na karibu na hapo ndipo barabara inapovuka Mto Tana. Akiiacha barabara na kufuata mto kuelekea baharini, hukuta vijiji vya Wapokomo vimejipanga ukingoni, na nyuma ya vijiji nchi tambarare ya majani ambamo Waorma huchunga ng'ombe wao. Kimoja cha vijiji hivyo ni Golbanti. Jina lake limo katika vitabu vya historia ya Ukristo wa Kenya, na sababu yake ni makaburi. Hapo walizikwa Bwana John Houghton na mkewe Annie, wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, waliouawa tarehe 3 Mei, 1886, wakati Wamasai walipokishambulia kituo.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, nayo yastahili kusimuliwa. Lakini liko jambo jingine la Golbanti ambalo halisemwi sana, nalo lafaa kuwa somo kwa kila mwanamume anayesema kwamba imani yake na kazi yake ni vitu viwili visivyojuana, kimoja cha Jumapili na kingine cha Jumatatu. Kituo kile kilijengwa kwa ajili ya watu wa namna moja, watu wa ng'ombe. Walioipokea imani ile na kukaa nayo kwa wingi walikuwa watu wa namna nyingine, watu wa jembe na mtumbwi. Yafaa kuuliza ilikuwaje.

WALIOTAFUTWA NA WALIOPATIKANA

Asili ya mambo ni Dakta Ludwig Krapf, Mjerumani yule yule aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kuandika kamusi ya Kiswahili. Kabla ya kuja pwani yetu alikaa Shoa, katika nchi ya Uhabeshi, tangu mwaka wa 1839 hata 1842. Huko alikutana na Waoromo, akajifunza lugha yao na kutafsiri sehemu za Injili. Aliwaona kuwa taifa kubwa, lenye nguvu, lililoenea toka milimani hata karibu na bahari, akaamini ya kwamba wakiingia wao, Afrika yote ya ndani itafuata. Tumaini hilo hakuliacha hata uzeeni.

Mwaka wa 1862 Krapf aliwaleta Wamethodisti wa Uingereza hata Ribe, nyuma ya Mombasa. Kiongozi wao alikuwa Thomas Wakefield, na mwaka uliofuata akaja Charles New. Ribe ilikuwa kwao kama kizingiti cha mlango, maana waliotafutwa hasa walikuwa ndugu wa kusini wa Waoromo, waliokaa katika nchi za Mto Tana. Watu wa pwani na Wazungu wa siku zile waliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawakujiita, na ambalo leo huhesabiwa kuwa la dharau. Wao ni Waorma. Walimjua Mungu mmoja, Waaqa, mwenye mbingu, kabla hajafika mtu yeyote na kitabu mkononi.

Toka Ribe mpaka Golbanti zilipita zaidi ya miaka ishirini. Homa iliwafukuza au kuwaua wengi. Mke wa Wakefield, Rebecca, alifariki Ribe mwaka wa 1873, na New alifariki mwaka wa 1875. Na katika muda huo huo Waorma wenyewe walipatwa na balaa. Katika miaka ya 1860 vita vya Wasomali upande wa kaskazini na vya Wamasai upande wa kusini viliwavunja, mifugo ikachukuliwa, watu wakatawanyika. Hata kituo kilipofunguliwa Golbanti katikati ya miaka ya 1880, taifa kubwa la ndoto za Krapf lilikuwa mabaki ya watu waliosogea karibu na mto kutafuta salama.

Salama yenyewe haikuwapo. Wamasai walikuwa wakifika mpaka Tana kutafuta ng'ombe, na mahali penye ng'ombe palikuwa pa hatari kwa kila aliyekaa hapo, mwenye ng'ombe na asiye nao. Ndipo walipokufa akina Houghton, na pamoja nao baadhi ya watu wa kituo. Majina ya wazungu wawili yalihifadhiwa, ya Waafrika waliokufa siku ile ni watu wachache sana wayajuao, na hilo ni jambo la kusikitisha katika vitabu vingi vya namna hii. Wakefield alirudi kwao mwaka wa 1887. Kituo hakikufungwa. Miongoni mwa waliokitumikia baada ya msiba alikuwa Mchungaji W. H. During, Mwafrika kutoka Sierra Leone, na katika miaka ya 1890 akawapo Robert Moss Ormerod. Mwaka wa 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen nao walianza kazi Ngao, kijiji jirani, kati ya Wapokomo.

Sasa hao Wapokomo walikuwa nani machoni pa wageni wa kwanza? Walikuwa watu waliokaa chini ya Waorma na kuwatolea sehemu ya mazao yao. Hawakuwa na sifa ya vita. Walikuwa na mpunga, migomba na mitumbwi. Mgeni aliyetaka kupanda mto alipandishwa nao, na mizigo yake, misumari, vitabu na nguo, ilipita mikononi mwao. Mtu aliyekuja akiwatazama Waorma ng'ambo ya majani marefu alikuwa amekaa ndani ya chombo cha Mpokomo. Kwa miaka mingi jambo hili halikuonekana kuwa na maana yoyote.

KWA NINI NG'OMBE HAWANGOJI KENGELE

Wako waliosema kwamba wafugaji walikuwa na mioyo migumu. Neno hilo ni jepesi mno. Mwenye kulisema hajapata kuchunga.

Kazi ya mfugaji humtawala kuliko bwana yeyote. Majani yakiisha mahali hapa, ni lazima kuhama, hata kama somo la alfabeti limefika katikati. Mvua ikinyesha mbali, watu hutumwa kuichungulia, na wakileta habari njema kambi yote hung'oka. Kisha kiangazi kikikaza, mifugo yote hurudi mtoni, na wakati huo hakuna mtu mwenye nafasi ya kukaa kitako, maana kunywesha mamia ya ng'ombe palipo na mamba ni kazi ya mchana kutwa. Misheni ilikuja na kengele, benchi na siku ya saba. Vitu hivyo vyote vinahitaji mtu awepo mahali pamoja wiki hata wiki. Waorma wachache walibatizwa. Walio wengi waliingia katika Uislamu baadaye, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na yafaa kukumbuka kwamba sala tano husaliwa popote mchungaji alipo, jua likiwa ndiyo saa yake.

Mpokomo naye hana pa kwenda. Shamba lake ni ule ukanda wa udongo uliolowa, kando ya mto, na mto hauhami pamoja na mvua. Mtoto wa Mpokomo aweza kufika darasani asubuhi na kuwa shambani kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo madarasa yalipata wanafunzi, na makanisa yalipata wazee, kati ya watu ambao hawakuwa shabaha ya safari. Wapokomo wa chini, wale wa upande wa bahari, wengi wao wakawa Wakristo, na wale wa juu wengi wao ni Waislamu.

Basi ingekuwa rahisi kulimaliza somo hapa na kusema kwamba imani hufuata mahali penye nafasi. Lakini iko sababu ya ndani zaidi, nayo imefichwa katika neno moja tunalolitumia kila siku.

NENO HEKIMA LATOKA WAPI

Neno letu hekima limetoka katika Kiarabu, hikma. Lugha ya Kiarabu na lugha ya Kiebrania, ambayo ndiyo iliyoandikwa sehemu kubwa ya Agano la Kale, ni lugha ndugu, na katika Kiebrania neno hilo ni hokma. Asikiaye anaweza kutambua mara moja kwamba ni mtoto wa mama mmoja.

Siku hizi mtu akisikia hekima humfikiri mzee mwenye mvi, au hakimu, au mtu aliyesoma sana. Waebrania walilitumia neno hilo kwa upana zaidi. Katika kitabu cha Kutoka, wakati wa kujengwa kwa hema ya kukutania, atajwa mtu aitwaye Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti, na hekima yake ni ule ustadi wa mikono, nao wahesabiwa kuwa umetoka kwa Roho wa Mungu. Wanawake waliosokota singa za mbuzi kwa ajili ya mapazia nao wahesabiwa kuwa na hekima kwa sababu ya kusokota kwao. Katika Zaburi wako mabaharia waliopatwa na tufani hata ujuzi wao wote ukawaishia, na neno lililotumika kwa ujuzi huo wa kushika usukani na kusoma mawimbi ni lile lile hokma. Kabla neno hili halijawa la wanafalsafa, lilikuwa la mafundi.

Kwa Wapokomo jambo hili si geni hata kidogo. Tazama kazi yao.

Mto Tana hupata maji yake mbali sana, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mvua ikinyesha huko, mafuriko hufika bondeni baadaye, na huenda yakafika Golbanti jua linawaka na ardhi imekauka. Mkulima wa mahali pengine hutazama mbingu. Huyu hutazama rangi ya maji. Yakigeuka kuwa mekundu na mazito, yakibeba vijiti na povu, ajua kwamba mto waja. Kwa desturi yalikuja mara mbili kwa mwaka, ya masika yakiwa makubwa, na ya vuli. Maji yakipanda, hutandaza tope jipya juu ya mashamba, na tope hilo ndilo mbolea. Yakishuka, mkulima hupanda nyuma yake, kwa hesabu. Akipanda mapema mno, maji yarudi na kuichukua mbegu. Akichelewa, udongo umekwisha kupasuka. Pahali pa chini pafaa mpunga, pa juu kidogo mahindi, na ukingoni kabisa, ambako udongo umeinuka, migomba na miembe. Hakuna alama iliyopigwa chini kuonyesha mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Alama imo machoni.

Mpunga ukianza kuzaa, huja ndege. Watu hukaa juu ya dungu toka alfajiri kuwaamia, kwa kelele na kwa kombeo, na wanaoamia mara nyingi ni watoto na wanawake. Haifai kusahau kwamba nusu ya hekima ya shamba la mpunga, yaani kuchagua mbegu, kupalilia, kukausha na kutwanga, imo mikononi mwa wanawake, ijapokuwa somo hili linawahusu wanaume zaidi. Usiku huja viboko. Kisha uko mtumbwi. Gogo huchimbwa hata likawa chombo chembamba, na mwenye kukiongoza husimama wima nyuma na pondo mkononi, akijua kilipo kina na ulipo mchanga, na mahali gani mamba hupenda kulala. Mtu asiyejua kazi hii akipewa pondo hilo, atajikuta majini kabla hajasema neno la pili.

Hata mahali pa mto hapadumu. Mto hujikata njia mpya na kuiacha ya zamani ikawa ziwa lililopindika. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi. Maji yakaupenda mfereji ule, yakaupanua, na leo Tana yamwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mwalimu wa Injili aliyefundisha mfano wa mpanzi mahali kama hapo alipaswa kufikiri mara mbili. Udongo mzuri ni upi, katika nchi ambayo udongo mzuri wa mwaka huu waweza kuwa mchanga mtupu mwaka ujao? Wasikilizaji wake walilijua jibu kuliko yeye, nao bila shaka walilizungumza jioni.

Hapo ndipo ilipo ile sababu ya ndani. Watu ambao kazi yao huwafundisha kila mwaka kutenda yote yaliyo katika uwezo wao, kisha kungoja maji yasiyo katika uwezo wao, wanayo shule ya imani tayari. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba mwanadamu hupanda na mwingine hutoa ukuzi. Walichohitaji ni mtu wa kuwaambia kwamba ujuzi wao ulikuwa na heshima mbele za Mungu, na kwamba mpiga pondo hakuwa mdogo kuliko abiria wake.

KIJANA NA JEMBE

Je, waliambiwa hivyo? Kwa sehemu tu. Shule za misheni, Golbanti na kila mahali, ziliwafungulia vijana mlango wa kalamu, na walio wengi walipita mlango huo bila kutazama nyuma. Kijana aliyesoma akawa karani, mwalimu, mhudumu wa hospitali. Kazi hizo ni njema na nchi isingeendelea bila ya hizo. Hatari ilikuwa katika wazo lililokuja kimya kimya pamoja nazo, kwamba kusoma ni malipo ya kuepukana na jembe, na kwamba aliyebaki shambani ameshindwa. Wazo hilo halijafa. Wako wazazi wa Kikristo mpaka leo ambao humtisha mtoto mvivu kwa kumwambia kwamba asipopita mtihani ataishia kulima, na kumbe shamba hilo hilo ndilo linalomlipia karo.

Mtume Paulo, ambaye elimu yake haikuwa ndogo, alikuwa fundi wa mahema. Alipofika Korintho alikaa na Akila na Prisila kwa sababu walikuwa wa kazi moja, wakashona pamoja. Ilikuwa desturi njema ya Wayahudi kwamba mwalimu wa sheria awe na kazi ya mikono. Paulo hakushona mahema kwa kukosa cha kusema. Alitaka kusema asiwe mzigo wa mtu. Na Bwana Yesu mwenyewe huitwa seremala katika tafsiri zetu. Neno la Kiyunani lililotumika, tektoni, lina maana pana zaidi, mjenzi wa miti na hata wa mawe, mtu anayeitwa kuezeka na kurekebisha. Miaka yake mingi zaidi duniani ilikuwa ya kazi hiyo, wala hakuna mwandishi wa Injili aliyeona haya kutaja.

Lakini pia isidhaniwe kwamba hekima ya mikono ni kitu kilichokwisha, cha kurithiwa tu kama kiti cha babu. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya mto, Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu, Gitaru, kisha Masinga mwaka wa 1981, na Kiambere mwaka wa 1988. Toka hapo mafuriko hayakufuata kalenda ya wazee kama zamani. Tope nyingi hubaki nyuma ya kuta za mabwawa. Mzee aliyejua siku ya kupanda kwa kutazama rangi ya maji alijikuta na kitabu ambacho kurasa zake zimechanganywa. Na wahandisi nao walifundishwa. Mashamba makubwa ya mpunga yaliyotengenezwa na shirika la serikali katika delta yalikuwa na matuta imara ya kuzuia maji, na mafuriko ya El Nino ya mwaka wa 1997 yaliyavunja. Mwenye shahada na mwenye pondo walisimama pamoja siku ile wakitazama maji. Ingekuwa faida wangalisimama pamoja kabla.

KAINI, HABILI NA MALKA

Liko jambo moja zito ambalo somo lolote juu ya kazi na imani katika nchi ya Tana halina haki ya kulikwepa.

Biblia haijafika mbali, ni kurasa chache tu toka mwanzo, ikatuonyesha ndugu wawili, mmoja mkulima na mmoja mchungaji, na mkulima akamwua mchungaji kondeni. Msomaji wa mjini huisoma habari hiyo kama hadithi ya wivu. Mtu wa Golbanti huisoma akiwa ukingoni mwa mto ambao mashamba yako mbele na ng'ombe wako nyuma, na maji ni mamoja.

Zamani lilikuwapo shauri juu ya jambo hili. Kati ya mashamba ya Wapokomo ziliachwa njia za mifugo kufika majini, nazo huitwa malka. Mkulima hakulima ndani ya malka, na mfugaji hakupitisha ng'ombe nje yake. Palipotokea ugomvi, wazee wa Wapokomo, wa baraza liitwalo Gasa, walikaa na wazee wa Waorma, wa Matadheda, wakahesabu migomba iliyoliwa au ng'ombe aliyekatwa, wakatoza fidia. Hiyo nayo ilikuwa hekima ya mikono, maana mistari ile ililindwa na watu waliojua urefu wa kiu ya ng'ombe na thamani ya mkungu wa ndizi.

Kisha watu waliongezeka, mashamba yakasogea, malka nyingine zikalimwa, ukame ukaleta mifugo mingi toka mbali, na ardhi ikatafutwa na makampuni ya miwa na ya mazao mengine. Mwaka wa 2012 ugomvi ukawa vita. Tarehe 22 Agosti watu wapatao hamsini waliuawa katika kijiji cha Riketa. Mwezi wa Septemba yakafuata mashambulio ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na tarehe 21 Desemba ya Kipao. Waliokufa mpaka mwanzo wa mwaka wa 2013 walizidi mia moja, wa pande zote mbili, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Haikuwa vita ya dini, maana Wapokomo wengi ni Waislamu kama Waorma walivyo. Lakini mwanamume Mkristo hawezi kujifariji kwa hilo. Kaini naye alikuwa ametoka kutoa sadaka.

Hapa lugha yetu yenyewe yatutania kidogo. Wakulima wa Golbanti, wakikusanyika kanisani, humwita kiongozi wao mchungaji. Jina la heshima kuliko yote katika kanisa lao wameliazima katika kazi ya jirani yao. Na kati ya manabii wa Agano la Kale yuko Amosi wa Tekoa, ambaye hakuwa mtoto wa nabii wala mwanafunzi wa manabii. Kazi zake zilikuwa mbili: alichunga mifugo, na alitunza mikuyu. Mtu mmoja, na ndani yake Mworma na Mpokomo wamekaa pamoja. Mkuyu wa Amosi ni mti ule ule unaoota ukingoni mwa Tana, na kivuli chake hutumiwa na ng'ombe na watu.

Baada ya vita ile wazee na viongozi wa pande zote walirudi barazani. Mwaka wa 2015 ulitolewa mpango wa matumizi ya ardhi katika delta, ulioshauriwa na watu wa vijiji, ukitaka mahali pa kulima, mahali pa kuchunga, mahali pa ndege na samaki, na njia za mifugo vijulikane na viheshimiwe. Mpango ni karatasi. Kila msimu maji yakishuka, ni lazima mtu atoke nyumbani kwake na jembe, afike mwisho wa shamba lake, na asimame pale malka inapoanzia. Hakuna polisi hapo, wala hakimu, wala mchungaji wa kanisa. Udongo wa malka ni mzuri kama wa shambani, pengine kushinda, kwa sababu ya samadi ya miaka mingi, na mistari miwili zaidi ya mpunga ingempa magunia ya kutosha ada ya mtoto mmoja. Ng'ombe bado wako mbali, hawatafika mpaka kiangazi.